Premio 1ZZ imefanyiwa ovahoo, kompresheni nzuri, bado inakula oili

MtuWaIpogolo · Jumapili, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za Jumapili. Nina kilio changu, mnivumilie maana ni kirefu.

Gari ni Premio ya 2002, injini 1ZZ, gia otomatiki. Niliinunua ikiwa tayari inakula oili, mwenyewe akaniambia "inapunguza kidogo tu". Kidogo yake ilikuwa lita moja kila nikienda Dar na kurudi Iringa. Mwezi wa nne nikajipiga moyo konde, nikaipeleka gereji moja hapa mjini, injini ikashushwa yote. Ringi mpya za pistoni saizi standadi, vali sili zote 16, gasketi seti nzima, beringi za konrodi na za kati. Hedi ikapelekwa kuchongwa. Pistoni zikarudishwa zilezile, fundi alisema hazina mikwaruzo.

Leo imetembea kilomita 2,300 tangu ifungwe. Hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo: kila kilomita 700 lita moja imekwenda. Haivuji. Nimelaza boksi chini ya injini usiku mara tatu, asubuhi boksi kavu.

Moshi nao una tabia yake. Asubuhi nikiwasha hakuna kitu. Kwenye foleni hakuna kitu. Lakini nikishuka mlima Kitonga nimeweka gia ya 2, mguu sijagusa akseli, nikifika chini nikakanyaga kulipita lori, nyuma panakuwa kama nimewasha jaa. Bluu kabisa. Juzi basi lilikuwa linaniwashia taa, nikadhani linataka kupita, kumbe dereva ananionea huruma.

Fundi amepima kompresheni (presha ya silinda ikikandamiza hewa): 150, 152, 148, 151 PSI. Yeye anasema ringi hazina kosa kwa kuwa silinda zote zimelingana. Bosi wake anasema inatakiwa 189, kwa hiyo bloku imekwisha, nitafute injini ya mtumba. Nimsikilize nani?

KondaMstaafu · saa 3:20 usiku

Uza hiyo gari mkuu. Ukishauza njoo tunywe soda.

FundiWaKihonda · saa 3:41 usiku

Mkuu usikimbilie injini ya mtumba, nayo hujui ilichokula huko ilikotoka. Ringi mpya hazikai siku hiyohiyo, zinahitaji kusagana na ukuta wa silinda. Ila kilomita 2,300 ni nyingi, hapo zilitakiwa ziwe zimeshakaa. Uliiendeshaje ilipotoka gereji? Na walikuwekea oili gani?

MtuWaIpogolo · saa 3:55 usiku

Waliiacha inanguruma pale pale gereji kama saa tatu hivi, wakisema "ijizoeze". Baada ya hapo nikaambiwa nisipite 60 kwa wiki mbili. Oili waliweka 20W-50.

FundiWaKihonda · saa 4:02 usiku

Hapo walikosea. Saa tatu ya silensa (kunguruma bila kukanyaga akseli) kwa ringi mpya ni sawa na kumlaza mgonjwa chali mwezi mzima kisha umwambie akimbie. Ringi inabanwa ukutani na presha ya moto wa juu, na ikiwa silensa presha hiyo ni ndogo. Ukuta unabaki na utando wa oili iliyoungua, unang'aa kama kioo, na ringi haishiki tena.

BiSpana · Jumatatu, saa 12:30 asubuhi

Kaka wa Ipogolo, pole. Tuanze na hiyo 150 kabla hujauza kitu.

Kitabu cha 1ZZ kinasema 189, isishuke chini ya 145, na silinda zisipishane zaidi ya 15. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Wewe uko Iringa, karibu mita 1,600 juu. Hewa ya huko imepungua kwa zaidi ya asilimia 15, na injini haiwezi kukandamiza hewa ambayo haikuivuta. Piga hesabu: 189 ya Dar inakuwa kama 155 ya Iringa. Kwa hiyo 150 yako ni ya injini nzima. Huyo bosi anayekupeleka kwenye mtumba anasoma namba za pwani akiwa mlimani.

Sasa ubaya uko hapa. Kompresheni nzuri haiwasafishi washtakiwa wote. Pistoni ina ringi tatu. Ya juu na ya pili ndizo zinazoshika kompresheni. Ya tatu ni ya oili, kazi yake ni kukwangua oili ukutani na kuirudisha kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kupitia matundu madogo yaliyo ndani ya mfereji wake. Hiyo ya tatu inaweza kuwa imekufa kabisa na geji isijue. Tena oili ikipanda kwa wingi inaziba mianya ya ringi za juu, na geji inasoma vizuri kuliko ilivyostahili. Kwa hiyo fundi wako hajadanganya. Amepima kitu kingine.

Na umesema pistoni ni zilezile. Kwenye 1ZZ za mwanzo hilo ndilo neno lililonishtua kuliko yote. Pistoni zake zina matundu ya kurudishia oili madogo na machache. Yanaziba kaboni, ringi ya oili inaganda kwenye mfereji, gari inaanza kula oili. Toyota wenyewe walikuja kubadilisha pistoni hizo. Ukiweka ringi mpya kwenye pistoni yenye matundu yaliyoziba, oili inayokwanguliwa haina pa kwenda isipokuwa juu.

Naomba majibu haya: walizibua matundu, au walikwangua mfereji tu? Silinda zilipigwa honi? (Honi ya kuchora ukuta kwa mawe ya kusagia, si ile ya bodaboda.) Vali ya PCV (ile inayopitisha mvuke wa ndani ya injini kwenda kuvutwa na kuungua tena) ilibadilishwa? Na chomoa plagi zote nne, zipange kwa namba, uzipige picha.

JamaaWaNakuru · saa 1:15 asubuhi

Niaje wadau. Huyo dada ameongea ukweli kuhusu urefu. Hapa Nakuru tuko juu kuwaliko, na sijawahi ona injini ya 1ZZ ikifika 160 kwa geji yangu, na magari yanatembea poa tu.

Lakini kabla mfungue kitu, angalieni PCV kwanza. Nilikuwa na Allion ilikuwa inakunywa oili vibaya, nikaambiwa ringi, nikaambiwa vali, kumbe ni hiyo kavalvu kamekwama wazi. Manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda) ilikuwa inavuta oili moja kwa moja kutoka kwa kava ya tapeti. Itoe uitikise sikioni. Ikilia kama njugu, iko hai. Isipolia, tupa. Na uangalie stiki ya kupimia oili: ukijaza oili kupita alama ya juu, kranki inaichapa inakuwa povu, na povu linavutwa hukohuko.

MtuWaIpogolo · Jumatano, saa 2:40 usiku

Nimerudi. PCV haikulia, nimenunua nyingine. Bomba la hewa kutoka kwenye kisafisha hewa lina unyevu kidogo tu, si wa kutisha. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili.

Plagi: zote nne zina masizi ya majimaji upande mmoja. Ya 3 ndiyo mbaya zaidi. Ya 2 ina oili nyingi kwenye nyuzi.

Fundi nimemuuliza kuhusu honi. Kajibu, nanukuu: "Tulipitisha msasa." Kuhusu matundu akanyamaza kidogo, kisha akasema mifereji ilikwanguliwa kwa kipande cha ringi ya zamani.

BiSpana · saa 3:05 usiku

Oili ya kwenye nyuzi za plagi ya 2 isikutishe, mara nyingi inatoka juu, kwenye gasketi ya kava ya tapeti, inajaa kwenye kisima cha plagi. Tunachosoma ni ncha. Ingekuwa silinda moja tu yenye masizi, tungetafuta kosa la silinda hiyo. Zikiwa zote nne, tafuta kosa lililorudiwa mara nne, au kitu kinachozilisha zote, kama hiyo PCV.

Msasa. Haya. Msasa wa mkono unachora mistari ya juu-chini, na mstari wa juu-chini ni ngazi ya oili. Honi inazunguka huku inapanda na kushuka, inaacha mistari inayokatana kama wavu. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili kidogo ya kulainisha na kuzisaga ringi mpaka zikae.

Endesha kilomita 500 na hiyo PCV mpya. Simamisha gari mahali palepale tambarare, injini ikiwa moto, subiri dakika tano, soma stiki. Jazia kwa chupa yenye alama za mililita ujue umeongeza kiasi gani. "Imepungua kidogo" si kipimo.

FundiWaKihonda · saa 3:30 usiku

Kwa heshima zote dada, mimi sikubaliani moja kwa moja. Moshi wa baada ya kushuka mlima ni vali, tulifundishwa hivyo miaka yote. Unapoachia akseli, kipepeo cha hewa kinafungwa, mvuto kwenye manifoldi unakuwa mkali, oili inanyonywa kupitia gaidi za vali (vile vijibomba ambamo vali inapanda na kushuka). Vali sili mpya kwenye gaidi iliyolegea haisaidii: vali inachezacheza na sili inapanuka. Je, hizo gaidi zilipimwa hedi ilipochongwa? Nina wasiwasi walichonga uso tu.

BiSpana · saa 3:52 usiku

Mzee wangu, hoja ni nzuri na huenda gaidi nazo hazijapimwa. Ila mvuto huo hauishii kwenye manifoldi. Unaingia mpaka ndani ya silinda, kwa hiyo ringi ya oili iliyokufa nayo inaruhusu oili ipande kutoka chini. Kitonga inawashtaki wote wawili. Ninachokiangalia mimi ni asubuhi. Kosa likiwa la vali, gari ikilala usiku oili inadondoka taratibu juu ya pistoni, na asubuhi ukiwasha unapata pumzi moja ya bluu kisha inaacha. Yeye kasema asubuhi ni safi.

Tusibishane, tuchungulie. Kuna zile kamera za waya zinazochomekwa kwenye simu, bei yake haimshindi mtu. Pitisha kwenye tundu la plagi.

KondaMstaafu · saa 3:58 usiku

Mnampasua mgonjwa mpaka kwa kamera. Nasema uza.

MtuWaIpogolo · Jumanne, saa 1:20 usiku

Kilomita 500 na PCV mpya: nimeongeza mililita 680. Hata nafuu haionekani.

Kamera nimeazima kwa jamaa anayezibua mabomba ya maji (nimeiosha kwanza, msicheke). Nilichokiona naeleza kwa maneno maana picha zinagoma kupanda.

Juu ya pistoni, katikati, ni nyeusi kama kikaango cha mama ntilie. Lakini ukingoni, kuzunguka pistoni yote, kuna ukanda wa upana wa kucha ya kidole kidogo ambao ni aluminiamu tupu, unang'aa, kama mtu kaufuta kwa kitambaa. Pistoni zote nne. Ya 3 ukanda ni mpana zaidi na una oili inayochuruzika. Ukutani naona mistari ya wima. Wavu alioutaja BiSpana sijauona popote.

Jumamosi tulitoa manifoldi, tukatazama migongo ya vali za kuingiza hewa. Zina vumbi jeusi kavu.

BiSpana · saa 1:34 usiku

Huo ukanda ndio jibu. Kaboni haikai pale kwa sababu oili inapanda pembeni na kuosha ukingo kila mzunguko. Ingekuwa oili inatoka kwenye vali, migongo ya vali ingekuwa na uji mzito mweusi, na pistoni ingelowa upande wa vali, si duara zima. Ni ringi za oili. Injini inafunguka tena, kaka, sina njia nyingine ya kukwambia.

FundiWaKihonda · saa 2:10 usiku

Nimesoma. Kamera imenishinda, nakubali kwa asilimia 80. Hizo 20 nitazitoa nikipima gaidi kwa mkono wangu. Mkuu, kama huko uliko imani imeisha, ilete hapa Kihonda, Morogoro. Beba lita mbili za oili za njiani. Nitafungua mbele yako, na kila nitakachokikuta nitaandika hapahapa, hata kikiniumbua.

FundiWaKihonda · siku 9 baadaye, Alhamisi, saa 4:15 usiku

Nilitoa ahadi, naandika.

Bloku kwanza. Nimepima kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Standadi ni milimita 79.00 mpaka 79.013. Iliyochakaa zaidi imesoma 79.03. Kwa injini ya umri huu siwezi kulia. Bloku haijaisha, na ni vizuri, maana 1ZZ ni ya aluminiamu yenye slivu (mirija ya chuma ya silinda) nyembamba, hata usiwaze kuitanua.

Pistoni. Ringi ya oili nilipoitoa, mfereji ulikuwa safi machoni. Yule fundi kweli alikwangua. Nikachukua sindano ya kushonea, nikaijaribu kwenye matundu. Haikupita hata moja. Pistoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, sindano inagonga kaboni ngumu kama lami iliyopoa. Mtu akikwangua mfereji bila kuzibua, uchafu anaousukuma unaingia humohumo matunduni, kwa hiyo huenda aliyaziba zaidi kuliko alivyoyakuta. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gari ilikuwa mbaya kuliko kabla ya ovahoo.

Silinda ya 3 ilikuwa na la ziada. Ringi ya oili ina vipande vitatu: vibati viwili vyembamba na springi yenye meno katikati. Ncha za springi hiyo zinatakiwa zikutane, zitazamane. Hii ncha moja ilipanda juu ya mwenzake. Ikipanda, springi inakuwa fupi, haisukumi vibati ukutani. Ni kosa la sekunde mbili wakati wa kuingiza pistoni, na ndiyo maana plagi ya 3 ilikuwa na hali mbaya kupita wenzake.

Ringi za pili zilikuwa sawa, alama zimetazama juu. Niliangalia kwa makini kwa sababu ile ya pili ikigeuzwa, inasukuma oili juu kama pampu.

Gaidi nimepima. Za ekzosi mbili zimelegea kidogo, za kuingizia hewa ni nzima. Dada BiSpana, chukua zile 20 zako.

BiSpana · saa 4:31 usiku

Nimezipokea mzee. Wachache wangeandika ulivyoandika. Pistoni mpya au hizohizo? Na usisahau sabuni.

FundiWaKihonda · saa 4:58 usiku

Pistoni za muundo wa baadaye tulizozipata zilikuwa na bei ya kumtoa mtu machozi, na nyingine sikuziamini kwa kuzishika tu. Nimeloweka hizi kwenye dawa ya kusafishia kabureta usiku kucha, asubuhi nikazibua tundu moja moja kwa keekee nyembamba niliyoizungusha kwa vidole, bila mashine. Kuna wanaoongeza matundu mapya. Mimi sikutoboa, gari si yangu.

Silinda nimezipeleka kwenye honi. Sabuni siwezi kuisahau, nilishawahi kulipia ujinga huo ujanani. Vijana wanafuta silinda kwa petroli, wanaona inang'aa, wanafunga. Petroli inaondoa oili, lakini unga wa mawe ya honi unabaki umejificha kwenye mistari, na unga huo ni msasa unaotembea na ringi mpya. Nimesugua kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ya kufulia, kisha nikapaka oili nyepesi na kufuta kwa kitambaa cheupe. Cha kwanza kilitoka kijivu. Cha pili kijivu. Mwenye gari alikuwa anahesabu kwa sauti. Cha saba kilitoka cheupe kama kilivyoingia. Nikapaka oili tena hapohapo, maana chuma kilichooshwa namna ile kinashika kutu kabla hujamaliza chai.

Ringi mpya, mianya ya ncha tumepima ndani ya silinda, ya juu inacheza milimita 0.3. Midomo ya ringi imepishana, hakuna iliyomtazama mwenzake.

JamaaWaNakuru · Ijumaa, saa 12:50 asubuhi

Salute kwa huyo mzee. Hapo kwa kitambaa cha saba nimekubali. Sasa asirudie ile mambo ya kunguruma saa tatu.

FundiWaKihonda · saa 1:05 asubuhi

Hapana. Tumeiwasha, tumeangalia taa ya oili imezima, hakuna kinachovuja, joto limepanda, tukatoka barabarani. Oili ya kawaida ya madini, 10W-30. Ukiwa gia ya chini unapanda kutoka 50 mpaka 80 kwa kukanyaga nusu na zaidi, unaachia mpaka irudi 50 yenyewe, unarudia. Mara 15 hivi. Unapokanyaga presha inabana ringi, unapoachia mvuto unaosha vumbi la kusagana. Nimemwambia njia nzima ya kurudi Iringa abadilishe mwendo, asishike 80 moja kwa saa nzima. Ila ndani ya hifadhi ya Mikumi ashike 50 yake kama watu wote. Ukimgonga swala pale, faini yake itakusahaulisha mambo ya oili.

MtuWaIpogolo · wiki 7 baadaye, Jumapili, saa 2:00 usiku

Wakuu, nilikuwa kimya kwa makusudi, nilitaka nirudi na namba.

Kilomita 500 za mwanzo: nimeongeza mililita 150, kisha nikamwaga oili na kubadilisha filta. Iliyotoka ilikuwa na kung'aa kidogo kwa vumbi la chuma, mzee alishanionya nisishtuke. Kuanzia 500 mpaka 1,500: mililita 120. Kuanzia 1,500 mpaka 2,500, sasa nikiwa na 5W-30: stiki imeshuka unene wa mstari wa kalamu, chupa sijaifungua.

Kitonga nimeshuka mara tatu. Mara ya mwisho nilimweka shemeji yangu kiti cha nyuma ageuke kutazama kioo cha nyuma muda wote, nikafika chini nikakanyaga mpaka mwisho. Akasema haoni kitu. Nikamwuliza una uhakika. Akasema anaona lori tulilolipita, dereva anatutukana.

Kompresheni tumepima tena hapa Iringa: 154, 155, 153, 155. Yaani tofauti na mwanzo ni PSI tatu mpaka tano tu.

Yule fundi wa kwanza nilimpelekea ile springi ya silinda ya 3. Aliishika, akaitazama kwenye mwanga, akaniuliza kama anaweza kubaki nayo awaonyeshe vijana wake. Hela hakurudisha, ila service ya breki kanifanyia bure.

KondaMstaafu · saa 2:09 usiku

Kwa hiyo huiuzi?

MtuWaIpogolo · saa 2:11 usiku

Siiuzi.

KondaMstaafu · saa 2:12 usiku

Mimi ndiye nilikuwa naitaka.